Mackinnon: Himaya ilisambaratika, zikabaki stempu

MALORI yatokayo katika bandari ya Mombasa huvuka Makupa, hupanda Changamwe, kisha hushika njia ya Jomvu, Miritini na Mazeras kuelekea bara. Kabla ya kufika Voi, hupita mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Hapo wasafiri huteremka kunyoosha miguu, na wengine huzuru kaburi la Sayyid Baghali Shah lililo kando ya reli. Ni wachache mno wanaojiuliza Mackinnon huyo alikuwa nani.

Wanaomjua vyema zaidi si wenyeji wa mji huo, wala si madereva. Ni wakusanyaji wa stempu. Katika maktaba na majumba ya watu walioko mbali na Pwani ya Kenya, zimehifadhiwa bahasha kuukuu zenye muhuri wa posta ya Mombasa wa miaka ya 1890, na juu yake vijikaratasi vyenye picha ya jua lililovishwa taji. Vijikaratasi hivyo vilitolewa na kampuni ambayo William Mackinnon aliiunda, akaiongoza na kuipenda, na ambayo haikumlipa chochote ila hasara.

Maisha ya tajiri huyo yalianza kwa barua na yakaishia kwa barua. Ili kuelewa ni vipi stempu za Mombasa zikawa kitu cha kusakwa duniani, yafaa kuanzia mahali alipozaliwa.

Mwana wa mji wa bandari

William Mackinnon alizaliwa Machi 31, 1823, katika mji wa Campbeltown, kwenye rasi ya Kintyre iliyo magharibi mwa Scotland. Ulikuwa mji wa bahari na wavuvi, na familia yake haikuwa ya matajiri. Alipomaliza masomo aliingia katika biashara ya duka la vyakula, akajifunza kupima, kuhesabu na kumridhisha mteja. Baadaye alihamia Glasgow, ambako aliajiriwa na wafanyabiashara waliokuwa na shughuli za Asia.

Mwaka 1847 alisafiri hadi India, akiwa kijana wa miaka 24. Huko Bengal alimkuta Robert Mackenzie, mtu wa kwao Campbeltown aliyekuwa ametangulia. Wawili hao waliungana wakaanzisha kampuni ya Mackinnon Mackenzie, iliyouza na kusafirisha bidhaa katika mwambao wa Ghuba ya Bengal. Mackenzie hakuishi kuona matunda ya jasho lao. Alifariki katika ajali ya meli mwaka 1853, na mzigo wote ukabaki mabegani mwa Mackinnon.

Mwaka 1856 ndio uliogeuza maisha yake. Serikali ya India ilihitaji mtu wa kubeba barua baina ya Calcutta na Burma. Mackinnon na wenzake waliunda kampuni ya meli za mvuke kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa sadfa, mwaka huo huo kijana mmoja wa Plymouth, Uingereza, aitwaye Stanley Gibbons, alianza kuuza stempu kwa wakusanyaji. Mmoja aliingia katika biashara ya kubeba barua, mwingine katika biashara ya kile kilichobandikwa juu ya barua. Njia zao zingekutana Mombasa miaka 34 baadaye.

Siri ya utajiri wa Mackinnon ilikuwa katika mikataba ya posta. Shehena ya mchele au pamba huweza kukosekana msimu mzima, lakini mkataba wa serikali wa kubeba barua hulipwa iwe meli imejaa au ni tupu. Aliyekuwa na mkataba kama huo aliweza kuagiza meli mpya, kutangaza ratiba na kuitimiza, na kuwavuta abiria na wenye mizigo kwa sababu walijua siku ya kuondoka na siku ya kufika. Mwaka 1862 kampuni yake ilibadilishwa jina ikawa British India Steam Navigation, na meli zake zikaanza kufika hadi Ghuba ya Uajemi.

Meli zafika Zanzibar

Kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869 kulibadilisha ramani ya biashara katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1872, kampuni ya Mackinnon ilipata mkataba wa kubeba barua baina ya Aden na Zanzibar kila mwezi. Hadi wakati huo, barua ya Mwambao ilitegemea jahazi, pepo za kusi na kaskazi, au bahati ya kupita kwa meli ya kivita au ya wafanyabiashara.

Sultan Barghash bin Said alikuwa ndio kwanza ametawazwa, mwaka 1870. Mwaka 1873 alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, huku akishinikizwa na manowari za Uingereza. Mackinnon, aliyekuwa Mkristo mwenye kushika dini kwa dhati, aliamini kwamba meli za biashara zingeimaliza biashara hiyo haraka kuliko bunduki. Hakuona tofauti baina ya faida na dini, na wakosoaji wake tangu siku zile hadi leo wamelitilia shaka jambo hilo.

Mwaka 1876 alihudhuria kongamano la jiografia lililoitishwa mjini Brussels na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata alianza mazungumzo na Barghash akitaka kukodishwa milki ya Sultani iliyo bara kwa miaka 70, pamoja na ushuru wa forodha na mamlaka ya kutawala. Mazungumzo hayo yalivunjika. Serikali ya London haikuwa tayari kuyaunga mkono, naye Sultani hakuwa na haja ya kuharakisha kuikabidhi mali yake kwa mgeni.

Miaka kumi ilipita kabla ya mlango huo kufunguka tena. Wajerumani walikuwa wametua, na mwaka 1886 London na Berlin zikakubaliana kugawana maeneo ya ushawishi. Mei 24, 1887, Barghash alikubali kukikabidhi chama cha Mackinnon usimamizi wa ukanda wa Pwani kuanzia mto Umba hadi Kipini kwa muda wa miaka 50. Septemba 3, 1888, Malkia Victoria aliidhinisha hati ya kuundwa kwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, maarufu kama IBEA. Mackinnon akawa rais wake. Mwaka 1889 alitunukiwa cheo cha ubaroneti, akawa Sir William.

Wakati huo huo aliongoza kamati iliyogharamia msafara wa Henry Morton Stanley wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekuwa amezingirwa katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Stanley alifika Zanzibar mapema mwaka 1887, akawachukua wapagazi, na wote wakasafirishwa kwa meli ya Mackinnon iitwayo Madura, wakizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Congo. Msafara ulitokeza Bagamoyo mwishoni mwa 1889, ukiwa umepoteza mamia ya watu njiani.

Karatasi za kampuni

Mwakilishi wa kwanza wa kampuni, George Mackenzie, aliwasili Mombasa mwezi Oktoba 1888. Mji alioukuta ulikuwa na hofu. Watumwa wengi waliotoroka mashamba ya Pwani walikuwa wamejificha katika misheni ya Rabai, nyuma ya Changamwe na Jomvu, na mabwana zao walikuwa wakitishia kuwachukua kwa nguvu.

Mackenzie aliamua kulipa fidia. Januari 1, 1889, zaidi ya watoro 1,400 walipata hati za uhuru huko Rabai. Kampuni ililipa sehemu ya gharama, nyingine zikatolewa na serikali na wahisani. Kwa familia nyingi za Pwani ambazo mababu zao walipitia Rabai, kipande kile cha karatasi kilikuwa na uzito kuliko chochote ambacho kampuni ilikitia saini.

Kampuni ilikuwa na karatasi nyingi. Mikataba na machifu wa bara iliandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Sarafu nazo zilitengenezwa, zikiwa na jina la Mombasa na picha ya mizani, pamoja na mwaka wa Hijria 1306. Kisha, mwezi Mei 1890, ikaja zamu ya stempu.

Kampuni haikuwa na muda wa kusubiri stempu zake zichorwe. Ilichukua stempu za kawaida za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria, za peni 1, peni 2 na peni 5, ikazipiga chapa juu kwa jina la kampuni na thamani mpya ya nusu anna, anna 1 na anna 4. Fedha ya Mwambao wakati huo ilikuwa rupia ya India, na rupia moja ilikuwa na anna 16. Ndiyo maana stempu za Uingereza zililazimika kuzungumza lugha ya Bombay kabla ya kutumika Mombasa na Lamu.

Oktoba mwaka huo stempu zenyewe zikawasili. Zilichorwa jua lililo na taji, nazo wakusanyaji huziita hadi leo kwa kaulimbiu ya kampuni, Nuru na Uhuru. Thamani zake zilianzia nusu anna hadi rupia kadhaa. Kwa mtu wa kawaida wa Mombasa, anayetuma barua kwa jamaa yake Zanzibar au Bombay, stempu za rupia hazikuwa na maana. Zilizohitajika kila siku ni zile za thamani ndogo, na hizo ndizo zilizokwisha upesi.

Kalamu ya mhasibu

Kisa cha mwaka 1891 ndicho kinachowafanya wakusanyaji wakeshe. Stempu za nusu anna na anna moja ziliadimika mjini Mombasa, na meli ya kuleta nyingine ilikuwa mbali. Maofisa wa kampuni wakachukua stempu za thamani kubwa na kuzishusha bei. Nyingine walizipiga muhuri wa mkono, nyingine wakaziandika thamani mpya kwa kalamu na wino, moja baada ya nyingine, kisha wakatia herufi za mwanzo za majina yao ili kuzuia udanganyifu.

Herufi A.D. zilikuwa za Andrew Dick, mhasibu mkuu wa kampuni. A.B. zilikuwa za Archibald Brown, mtunza fedha, na V.H.M. zilikuwa za meneja wa benki, Victor Mackenzie. Ilifika wakati pia ambapo stempu za India zililazimika kutumika katika posta ya Mombasa.

Makarani hao hawakudhani walikuwa wakitengeneza kitu cha thamani. Walikuwa wakitatua tatizo la asubuhi moja, ili mwenye barua asirudi nayo nyumbani. Leo stempu iliyoandikwa kwa mkono wa Dick au wa Brown, ikiwa bado imebandikwa juu ya bahasha iliyosafiri, ni miongoni mwa vitu adimu zaidi vya posta vilivyowahi kutoka Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo hiyo, walaghai wameziiga herufi hizo mara nyingi, na mnunuzi mwerevu hatoi fedha zake kabla ya mtaalamu kuikagua.

Dick mwenyewe hakuishi kuona hayo. Aliacha kazi ya kampuni akawa mfanyabiashara wa kujitegemea huko bara. Novemba 1895, baada ya mapigano baina ya msafara wa wapagazi na Wamaasai katika Bonde la Kedong, alijitosa vitani dhidi ya Wamaasai akauawa. Herufi zake mbili zimedumu kuliko biashara yake.

Njia ya Changamwe

Bahasha ya Mombasa husimulia nusu tu ya safari. Muhuri huonyesha siku na mahali ilipopokewa, na mihuri ya nyuma huonyesha bandari ilizopitia. Barua ya kutoka bara, hata hivyo, ilianza kutembea wiki nyingi kabla ya kupigwa muhuri wowote. Ilifungwa ndani ya mkoba, ikabebwa na tarishi au kutiwa miongoni mwa mizigo ya wapagazi.

Mpagazi wa Pwani alibeba mzigo wa karibu frasila mbili. Kutoka Uganda hadi Mombasa ilikuwa safari ya takriban miezi mitatu, kupitia nyika ya Taru isiyo na maji. Aliyekamilisha safari hiyo alitokea upande wa bara wa Mombasa, akakiona kisiwa ng'ambo ya maji, na kuvuka Makupa. Kwa wapagazi na matarishi, ardhi ya Changamwe ilikuwa ukingo wa safari: mwisho kwa mwenye kurudi, mwanzo kwa mwenye kuondoka.

Mackinnon alielewa kwamba mgongo wa mtu hauwezi kujenga biashara. Mwaka 1890 kampuni ilianza reli nyembamba ya kuelekea bara, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ilitandikwa maili saba hivi, kisha ikaachwa kwa ukosefu wa fedha. Mwaka huo huo ilianza kazi ya barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambayo George Wilson aliifikisha Kibwezi. Sehemu iliyobaki hadi mpaka wa Uganda ilimaliziwa baadaye na Kapteni Sclater wa jeshi la Uingereza. Barabara hiyo ndiyo iliyoacha jina la Mackinnon katika mji mdogo wa nyikani.

Kibwezi pia ndiko alikopeleka fedha zake binafsi pamoja na rafiki zake mwaka 1891, wakaanzisha misheni ya Kiskoti. Misheni hiyo ilihamia Kikuyu mwaka 1898, na ndiyo mojawapo ya mizizi ya kanisa la PCEA la leo.

Mzigo uliomshinda

Kampuni ilikuwa imejitwika gunia lisilolingana na mabega yake. Ilitakiwa kumlipa Sultani kodi kila mwaka, kulinda Pwani, kutawala bara na kuwashinda Wajerumani katika mbio za kufika Uganda. Mapato yake makubwa yalikuwa ushuru wa forodha, na hayo yalibanwa na mikataba ambayo London ilikuwa imetia saini na mataifa mengine. Mwaka 1892, Pwani ilipowekwa chini ya masharti ya biashara huria ya Mkataba wa Berlin, nafasi ya kuongeza mapato ilizidi kufinywa.

Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alifika Mengo kwa niaba ya kampuni, akamfanya Kabaka Mwanga atie saini mkataba. Kulishika eneo hilo kulihitaji askari, na askari walihitaji mishahara, vyakula na risasi vilivyobebwa kwa vichwa kutoka Mombasa. Mwaka 1891 wakurugenzi waliamua kuondoka Uganda. Wafuasi wa misheni nchini Uingereza walichanga maelfu ya pauni ili kampuni ibaki kwa mwaka mmoja zaidi, naye Mackinnon akachangia kutoka mfukoni mwake. Kiraka hicho hakikuweza kuziba shimo.

Serikali ilimtuma Kapteni Macdonald kupima njia ya reli kati ya mwaka 1891 na 1892. Mackinnon alitumaini kwamba reli ingeiokoa kampuni yake. Ripoti iliandikwa, wabunge wakajadiliana, lakini fedha za reli hazikutolewa wakati wa uhai wake.

Alifariki jijini London Juni 22, 1893, akiwa na umri wa miaka 70, na akazikwa Clachan, katika rasi ile ile ya Kintyre alikozaliwa. Yeye na mkewe, Janet, hawakujaaliwa mtoto, hivyo cheo chake cha ubaroneti kilikufa naye.

Miaka miwili baadaye kampuni ilimfuata kaburini. Serikali ya Uingereza iliichukua kwa malipo ya pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Zanzibar, yaani fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kuchukua mwambao wa Tanganyika. Pauni 50,000 tu ndizo zilizotoka hazina ya London. Kwa maneno mengine, Sultani aliuziwa tena haki yake mwenyewe, kisha Uingereza ikabaki na ukanda wa Pwani kwa kumlipa kodi ya kila mwaka. Suala la ukanda huo wa maili kumi lilidumu hadi mwaka 1963, ulipounganishwa rasmi na Kenya huru.

Julai 1, 1895, utawala wa kampuni ulikoma. Stempu zilizobaki katika posta ya Mombasa hazikutupwa. Zilipigwa chapa mpya ya jina la Afrika Mashariki ya Uingereza, zikaendelea kuuzwa hadi nyingine zilipopatikana. Jua la Mackinnon lilikuwa limekuchwa, lakini lilibeba barua kwa muda kidogo zaidi.

Kilichobaki

Reli aliyoililia ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilivuka Makupa, ikapita Changamwe, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Meli ndogo iliyopewa jina lake ilikuwa imesafirishwa vipande vipande kutoka Mombasa, ikaunganishwa Kisumu na kuteremshwa majini mwaka 1900. Mjini Mombasa, soko ambalo watu hulijua kama Marikiti lilikuwa likiitwa Mackinnon Market. Sanamu yake ilisimamishwa mjini humo, na baada ya uhuru ikarudishwa Scotland, katika shule ya Keil iliyoanzishwa mwaka 1915 kutokana na fedha za urithi wake. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka 2000.

Sanamu ikaondoka, majina yakabadilika, kampuni ya meli ikamezwa na nyingine. Stempu hazikuondolewa na mtu yeyote, kwa kuwa zilikuwa zimeshasambaa duniani ndani ya mikoba ya barua.

Hali hii si ya Mombasa pekee. Wakusanyaji wamezoea kuvutwa na maeneo madogo yaliyo mbali, ambako barua hufika kwa taabu. Katika kisiwa cha Niuafo'ou, Tonga, ndani ya Bahari ya Pasifiki, meli hazikuwa na mahali pa kutia nanga, na barua zilitiwa ndani ya makopo yaliyozibwa ambayo waogeleaji waliyapeleka na kuyachukua melini. Bahasha za posta ya makopo zikapata umaarufu duniani kote. Pitcairn, kisiwa chenye watu wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Changamwe, kilianza kutoa stempu zake mwaka 1940, na kwa miaka mingi wakusanyaji ndio waliokuwa nguzo ya mapato yake.

Visiwa hivyo vilijua vinawauzia nani. Mombasa ya 1890 haikujua. Hapo ndipo wakusanyaji hutofautisha baina ya stempu safi na bahasha iliyosafiri. Stempu za jua na taji ambazo hazikutumika si vigumu kupatikana, na nyingi huuzwa kwa bei ambayo hata anayeanza anaweza kuimudu. Bahasha iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na la kusema, ikabandikwa stempu sahihi, ikapigwa muhuri Mombasa au Lamu na kufika ilikokusudiwa, ndiyo adimu. Stempu safi huonyesha kile kampuni ilichotaka kuonekana. Bahasha huonyesha kile ilichoweza kufanya.

Kwa kipimo hicho, maisha ya Mackinnon nayo huweza kupimwa. Hati ya Malkia, cheo cha ubaroneti na ramani zilizopakwa rangi zilikuwa stempu safi. Bahasha zilizosafiri ni watu 1,400 wa Rabai walioshika hati zao, njia ya ng'ombe iliyogeuka barabara kuu, na pia ardhi na mamlaka yaliyopotea kwa machifu ambao hawakuelewa walichotilia alama. Hesabu yake haiwezi kufungwa kwa safu moja ya faida au ya hasara.

Kuna jambo moja ambalo bahasha hizo, kwa uzuri wake wote, hazisemi. Zina jina la aliyeandikiwa. Wakati mwingine zina jina la aliyeandika. Zina herufi za mhasibu aliyeishusha bei na jina la kampuni ya tajiri wa Campbeltown. Aliyeibeba kutoka bara, akalala Taru bila maji, akateremka Mazeras na kupita Changamwe alfajiri ili awahi Makupa, hana jina popote juu ya karatasi.

Wanawe na wajukuu wa wabebaji hao wangali wapo katika mitaa ya Mombasa bara. Barabara ile ile ingali inapita mbele ya nyumba zao, usiku na mchana, ikiwa imejaa mizigo ya wengine.